Siku za Likizo Zilizobaki: Fedha Inayosahaulika Mtu Anapopunguzwa Kazi

Barua ya kupunguzwa kazi ikishafika mkononi, macho hukimbilia sehemu mbili: tarehe ya mwisho ya kazi na kiasi cha kiinua mgongo. Jioni, majirani nao huuliza hilohilo: "Wamewapa siku ngapi kwa kila mwaka?" Ni nadra kumsikia mtu akiulizwa alikuwa na siku ngapi za likizo ambazo hakuzichukua. Hata yeye mwenyewe mara nyingi hajui. Fomu zake za likizo zimo kwenye faili ofisini, faili limo kabatini, na ufunguo wa kabati anao mtu mwingine.

Kusahau huko kuna gharama. Kwa mfanyakazi mwenye miaka michache kazini, fedha ya likizo ambayo hakwenda inaweza kuzidi kiinua mgongo chenyewe. Hesabu yake si ngumu, na inafaa kufanywa hapa.

Tuseme kuna mshonaji katika kiwanda cha nguo jijini Dar es Salaam. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 2020, anafanya kazi siku 6 kwa wiki, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Oda zimepungua, kiwanda kinafunga sehemu mbili za ushonaji, na ajira yake inakoma tarehe 31 Julai 2024. Ana miaka 4 kamili kazini na miezi 5 juu yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ina jedwali linaloonyesha jinsi ya kupata mshahara wa siku moja. Unachukua mshahara wa mwezi, unaugawa kwa 4.333 ambayo ni idadi ya wiki ndani ya mwezi, kisha unagawa tena kwa siku anazofanya kazi katika wiki. Kwa mtu wa siku 6, mwezi una siku 26 za kazi. Basi siku moja ya mshonaji wetu ni shilingi 15,000.

Kiinua mgongo, kwa kiwango cha chini cha sheria hiyo, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Miaka yake 4 inampa siku 28, yaani shilingi 420,000. Ile miezi 5 ya juu haimwongezei kitu, kwa kuwa sheria inataka mwaka kamili.

Sasa likizo. Mwaka wake wa likizo uliokwisha Februari 2024 hakwenda popote. Kila alipoomba aliambiwa asubiri, oda iko mezani. Mwaka huo unampa siku 24 za kazi, sawa na shilingi 360,000. Tangu Machi hadi Julai amefanya kazi miezi 5 ya mwaka mpya wa likizo, kama siku 130 za kazi, na hizo zinamzalia siku 10 nyingine, shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 510,000. Kwa hiyo likizo imekipita kiinua mgongo kwa shilingi 90,000, na hiyo ni kwa mtu ambaye huenda asingeiulizia kabisa.

Zile siku 24 na 10 zimetokana na kanuni moja fupi iliyomo katika kifungu cha 31. Mfanyakazi anayeondoka kazini hulipwa mshahara wa msingi wa siku 1 kwa kila siku 13 alizofanya kazi, au alizostahili kufanya kazi. Namba 13 inaweza kuonekana imeokotwa tu, lakini ukiifuatilia utaona inalingana kabisa na haki yenyewe. Likizo ya mwaka Tanzania Bara ni siku 28 mfululizo, Jumapili zikiwamo, hata sikukuu ikiangukia humo inahesabiwa. Ndani ya siku 28 mna Jumapili 4, kwa hiyo mtu wa siku 6 kwa wiki anabaki na siku 24 za kazi. Mwaka wake una siku 312 za kazi. Gawanya kwa 13, unapata 24. Mtu wa siku 5 kwa wiki anafanya siku 260 kwa mwaka. Gawanya kwa 13, unapata 20, ambazo ndizo siku 28 ukiondoa Jumamosi na Jumapili za wiki 4. Mtunga sheria alipima vizuri. Mwajiri anayesema likizo ya miezi michache "haihesabiki mpaka mwaka utimie" anapingana na hesabu ambayo sheria yenyewe imekwisha ifanya.

Kupunguzwa kazi si kufukuzwa. Sheria inakuita kuachishwa kwa sababu ya mahitaji ya uendeshaji: biashara imeshuka, mashine mpya imeingia, tawi linafungwa, kampuni mbili zimeungana. Mfanyakazi hana kosa. Ndiyo maana kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapoanza kufikiria kupunguza watu, aeleze sababu, kisha akae na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale ambapo hakuna chama kinachowawakilisha. Katika vikao hivyo wanazungumzia kwa nini watu wapunguzwe, njia za kuepuka au kupunguza madhara, vigezo vya kuchagua nani aondoke, lini, na kiinua mgongo kitakuwa kiasi gani.

Orodha hiyo haitaji likizo, na inaeleweka kwa nini. Kiinua mgongo kinaweza kujadiliwa kikapanda juu ya siku 7, na vyama vya wafanyakazi vikiwa imara hufanya hivyo. Malipo ya likizo hayamo katika mambo ya kupatana, kwa sababu kazi yake imekwisha fanyika. Kifungu cha 44 kinayaweka pamoja na mshahara wa siku za mwisho, malipo ya notisi na nauli ya kumrudisha mtu mahali alipoajiriwa: ni mambo ambayo mwajiri analipa ajira inapokoma. Kinataja mafungu mawili ya likizo, ya mwaka uliokwisha ambayo haikuchukuliwa, na ya mwaka ambao haujatimia. Ofisi nyingi hulikumbuka la pili na kulisahau la kwanza, au huyaunganisha kwenye mstari mmoja bila kuonyesha hesabu. Mfanyakazi ana kila sababu ya kuomba mistari miwili.

Kuna tofauti nyingine inayowapita wengi. Mtu anayekwenda likizo akiwa bado kazini hulipwa kile ambacho angelipwa kama angekuwa kazini siku hizo, na anapaswa kulipwa kabla hajaondoka. Lakini siku zinapogeuzwa fedha wakati wa kuondoka, kanuni ya siku 13 inahesabu mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba, ya usafiri na ya chakula, pamoja na malipo ya saa za ziada, haviingii. Mtu ambaye nusu ya kipato chake ni posho atashangaa kuona fedha ya likizo imekuwa ndogo kuliko alivyotarajia, na wala hakuna aliyemwibia. Fedha hiyo pia hukatwa kodi, kwa maana sheria ya kodi ya mapato inayataja malipo badala ya likizo kuwa sehemu ya mapato ya ajira.

Tatizo kubwa zaidi la likizo halianzi siku ya barua. Linaanza miaka miwili au mitatu nyuma.

Kifungu hichohicho cha 31 kinampa mwajiri mamlaka ya kupanga lini mfanyakazi aende likizo, kwa sharti kwamba isipite miezi 6 baada ya mwaka wa likizo kwisha. Muda huo unaweza kufika miezi 12 ikiwa mfanyakazi amekubali na shughuli za kazi zinalazimu hivyo. Halafu kinakuja kifungu kidogo cha 8, kinachosema kwamba mfanyakazi ambaye hakuchukua likizo ndani ya muda huo hastahili kulipwa kwa ajili yake ajira inapokoma.

Turudi kwa mshonaji. Likizo yake ya mwaka uliokwisha Februari 2024 ilipaswa kuchukuliwa kabla Agosti haijaisha. Ajira ilikoma Julai, kwa hiyo ile shilingi 360,000 iko hai. Kama kiwanda kingesogeza kazi yake hadi mwisho wa Septemba, na hakuna makubaliano yoyote ya kuongeza muda, fedha hiyo ingekuwa imekufa bila mtu kuigusa. Je, ile ya mwaka uliokwisha Februari 2023, ambayo nayo hakuichukua? Ilikwisha muda wake zamani. Miaka 4 ya kuambiwa "subiri kidogo" inaweza kumwacha mtu na deni la mwaka mmoja na ushei tu.

Hapo sheria inamkosea mfanyakazi. Anayepanga tarehe ni mwajiri. Anayejua oda zinaingia lini ni mwajiri. Mfanyakazi akiomba na kukataliwa, anayepoteza siku ni yule aliyeomba. Lengo la kuweka ukomo lilikuwa jema, kwamba watu wapumzike kweli kila mwaka badala ya kurundika siku kama akiba ya benki, na mwajiri asiyempa mtu likizo kwa wakati anavunja sheria. Lakini adhabu imemwangukia asiye na kalamu ya kusaini.

Sheria ilivyorekebishwa baadaye inamruhusu mfanyakazi kufanya kazi wakati wa likizo yake kwa kulipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo hiyo, mradi asikae miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Malipo hayo yanapaswa kuonekana kwenye hati ya mshahara wakati huohuo. Aliyeambiwa "fanya kazi, tutakulipa likizo yako," kisha asione kitu mwezi ule wala uliofuata, asingoje siku ya kupunguzwa ndipo adai.

Mahakama za Ulaya zilikutana na swali hilihili na kulijibu kwa namna nyingine. Mtafiti mmoja wa taasisi ya Max-Planck nchini Ujerumani, Tetsuji Shimizu, mkataba wake ulikwisha mwishoni mwa 2013 akiwa na siku 51 za likizo ambazo hakuzichukua. Mwezi Oktoba mwaka ule aliombwa azichukue kabla hajaondoka; alichukua mbili tu. Kisha akadai fedha ya zilizobaki, na mwajiri akasema hakuziomba, basi zimepotea. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 6 Novemba 2018 mahakama hiyo ikaamua kwamba haki ya likizo haipotei yenyewe eti kwa sababu tu mfanyakazi hakuomba. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwezesha mfanyakazi kweli kwenda likizo, alimweleza wazi kwamba siku zitapotea, na mfanyakazi akaamua kwa hiari yake kutokwenda. Uamuzi huo haumfungi mtu yeyote Dar es Salaam wala Mwanza. Unaonyesha tu kwamba mzigo wa kuthibitisha unaweza kuwekwa begani kwa mwenye mafaili, na mafaili yapo kwa mwajiri.

Kenya nayo ina njia yake, na kwa mtu anayepunguzwa kazi ni njia yenye meno. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema katika kifungu cha 40 kwamba mwajiri haruhusiwi kumwachisha mtu kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi mpaka ametimiza masharti kadhaa, na mojawapo ni kwamba amemlipa taslimu likizo anayodai. Sharti hilo limekaa safu moja na taarifa ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, na kigezo cha kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wakati wa kuchagua wa kuondoka. Limekaa pia na notisi ya mwezi au mshahara wake, na kiinua mgongo cha siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Maana yake ni kwamba Nairobi au Mombasa, kutolipa likizo ni zaidi ya deni. Ni kasoro katika kuachishwa kwenyewe, na wakili wa mfanyakazi anaweza kuisimamia mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Idadi ya siku nayo inadanganya ukiitazama juujuu. Siku 28 za Tanzania zinaonekana nyingi kuliko 21 za Kenya. Lakini zile 21 ni siku za kazi, wakati 28 ni siku za kalenda. Karani anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa Arusha ana siku 20 za kazi za likizo, na mwenzake wa Nairobi ana 21. Mtu wa siku 6 kwa wiki ndiye anayemzidi Mkenya, kwa siku 24. Kwa mwaka usiotimia, Kenya huhesabu siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliokamilika, mradi mtu amefikisha miezi miwili ndani ya mwaka huo wa likizo. Miezi 5 ya mshonaji wetu ingempa siku 8 na robo tatu huko, lakini miaka yake 4 ingempa kiinua mgongo cha siku 60 badala ya 28.

Wazo kwamba likizo ni sehemu ya ujira lina umri wa karibu karne moja. Mwaka 1936 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza wa jumla kuhusu likizo yenye malipo, kiwango kikiwa siku 6 tu za kazi kwa mwaka. Mwaka huohuo wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, walipata wiki 2 kwa sheria. Mkataba mpya wa mwaka 1970, Namba 132, ulipandisha kiwango hadi wiki 3 na kuweka wazi kwamba ajira inapokoma mfanyakazi apewe likizo inayolingana na muda aliotumika, au fedha badala yake. Mkataba huo unasema pia kwamba makubaliano ya kuiacha haki ya likizo ya kiwango cha chini ni batili.

Kuna hila moja inayorudi kila msimu wa kupunguza watu. Mkuu wa ofisi ya utumishi anamwita mfanyakazi, sauti ya upole kabisa: "Ndugu yangu, una siku zako 28 za likizo. Zichukue sasa, na notisi yako ni siku 28, basi ukimaliza likizo na notisi itakuwa imekwisha." Kwa maneno hayo mafungu mawili ya malipo yamegeuka moja. Kifungu cha 41 kinakataza jambo hilo waziwazi: notisi ya kuachishwa haitolewi wakati mtu yuko likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anayo haki ya siku 28 za notisi, au malipo yake, na juu ya hizo ana haki ya likizo yake. Uingereza ni tofauti. Kule mwajiri anaweza kumtaka mtu amalizie likizo ndani ya kipindi cha notisi, ilimradi amemwarifu mapema kwa muda usiopungua mara mbili ya siku hizo. Kampuni za kigeni zinazoleta taratibu za makao yao makuu Afrika Mashariki zinaweza kuja na desturi hiyo bila kujua kwamba huku haikubaliki.

Hila ya pili hutokea zaidi biashara inapoporomoka ghafla. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege, wafanyakazi wengi wa hoteli za kitalii Arusha na Zanzibar waliambiwa wachukue likizo yao yote ya mwaka, kisha likizo bila malipo, huku wakisubiri wageni warudi. Likizo ya mwaka iliyochukuliwa kwa utaratibu na kulipwa haiwezi kudaiwa tena. Iliyoandikwa kwamba imechukuliwa, na fedha haikuonekana kwenye akaunti, ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyepunguzwa baada ya kipindi cha namna hiyo anapaswa kuzilinganisha fomu za likizo na taarifa za benki, mwezi kwa mwezi. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo mhudumu wa Nungwi asichukue hesabu za Bara akadhani zinamhusu moja kwa moja.

Vibarua na wafanyakazi wa msimu ndio wanaodhulumiwa kirahisi zaidi, maana wenyewe wameshaamini kwamba likizo ni ya "wale wa ofisini". Ni kweli kwamba Bara, mtu ambaye hajafikisha miezi 6 hana likizo ya malipo. Lakini aliyeajiriwa kwa msimu anayo, na sheria inasema alipwe sehemu yake msimu unapokwisha. Mkata miwa wa bonde la Kilombero aliyefanya siku 104 za kazi katika msimu mmoja amejizalia siku 8. Vilevile kibarua anayeitwa na mwajiri yuleyule mara kadhaa kwa mwaka, akijumlisha vipindi vyake na kupita miezi 6, anaingia kwenye haki hiyo. Kumwandikia mtu mkataba mpya kila baada ya miezi mitatu hakufuti siku alizokwisha fanya mwaka huo.

Yote haya yanategemea karatasi. Fomu ya likizo katika ofisi nyingi ni ukurasa mmoja: jina, namba ya mfanyakazi, idara, tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, kisanduku cha siku zilizobaki, sahihi ya msimamizi, sahihi ya ofisi ya utumishi. Kisanduku cha siku zilizobaki ndicho kinachohesabika siku ya mwisho, na ndicho kinachoachwa wazi mara nyingi kuliko vingine. Mfanyakazi anayekijaza mwenyewe, kisha akapiga picha fomu kwa simu kabla ya kuirudisha, ameshajiwekea ushahidi. Fomu iliyokataliwa ina thamani kuliko hata iliyokubaliwa. Msimamizi akiandika pembeni "kazi nyingi, asubiri hadi Juni" na kusaini, amethibitisha kwamba likizo iliombwa na kwamba kuahirishwa kulitoka kwa mwajiri. Ujumbe wa WhatsApp unaosema hivyohivyo nao usifutwe.

Wazee waliokuwa watumishi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaijua vizuri kazi ya kufuatilia stahiki bila kukata tamaa. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, ikawaacha watu wa reli, bandari, posta na ndege bila mwajiri. Wa Tanzania walihangaika na madai yao hadi mwaka 2005, ndipo yakafikiwa makubaliano na Serikali mahakamani. Miaka 28 ilipita hapo katikati, na wengi walikufa wakisubiri. Sheria za leo zimefupisha njia hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini zimefupisha pia muda wa kuianza.

Muda wenyewe Tanzania Bara uko hivi. Anayepinga kuachishwa kwenyewe, kwamba sababu haikuwa ya kweli au vikao havikufanyika, anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira kukoma. Anayekubali kwamba kazi imekwisha lakini anadai fedha, likizo ikiwamo, ana siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, ila atapaswa kutoa sababu ya maana, na "nilikuwa naahidiwa" si sababu inayopokelewa kirahisi. Ahadi za simu za ofisi ya uhasibu, za "njoo wiki ijayo, hundi inasainiwa," zimewamalizia watu wengi siku hizo 60. Kenya muda ni mrefu zaidi. Sheria yake inatoa miaka 3 kwa madai ya mkataba wa kazi.

Kabla ya kufika huko kuna karatasi ya kusaini. Vikao vya kupunguza watu mara nyingi humalizika kwa makubaliano ya maandishi, yenye jedwali la malipo na sentensi ya mwisho inayosema mfanyakazi amepokea stahiki zake zote na hana dai lingine. Sentensi hiyo ni nzito, na kuipinga baadaye ni kazi kubwa. Aliyepewa karatasi hiyo aombe siku moja ya kuisoma nyumbani, akiwa na hati zake za mshahara pembeni, na atafute mistari miwili ya likizo. Ikiwa jedwali linasema tu "malipo ya likizo" na kiasi kimoja, aulize ni siku ngapi, za mwaka gani, kwa mshahara wa siku moja wa shilingi ngapi. Mhasibu mwaminifu atajibu kwa dakika chache, kwani hesabu ni ya kugawanya na kuzidisha. Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi anaweza kuifanya kwa wote mara moja, na ni vizuri aifanye kabla ya kikao cha mwisho badala ya baada yake.

Shauri likifika CMA, hufunguliwa kwa fomu namba moja ya Tume, na mlalamikaji hutaja anachodai. Hapo wengi huandika "stahiki zangu zote" na kuishia hapo. Msuluhishi ana siku 30 za kuwapatanisha pande mbili, na katika chumba hicho dai lisilo na namba halina cha kuzungumziwa. Mshonaji wetu angeandika: likizo ya Machi 2023 hadi Februari 2024, siku 24, shilingi 360,000, likizo ya Machi hadi Julai 2024, siku 10, shilingi 150,000. Chini yake angeambatanisha hati ya mshahara inayoonyesha 390,000 ya msingi, barua ya kupunguzwa kazi, na picha ya ile fomu ya likizo ambayo msimamizi aliandika asubiri.